Filta pana na ekzosi wazi: je, vani yako itapunguza kula mafuta?

Kila tarehe 14 ya mwezi, wenye vani za kazi hapa Nairobi husubiri tangazo moja. EPRA, mamlaka inayodhibiti bei ya mafuta, hutoa bei mpya za petroli na dizeli, na kabla hazijaanza kutumika usiku wa manane makundi ya WhatsApp ya madereva huwa yameshajaa. Bei ikipanda, ushauri ni uleule: toa ea klina ya kiwanda uweke filta ya koni, fungua ekzosi, gari lipumue, utaona lita zinabaki kwenye tenki. Wengi wanaousambaza wana nia njema kabisa. Wameambiwa na fundi, naye fundi aliambiwa na mwingine.

Mimi nasambaza sabuni ya maji kwa maduka ya Umoja, Kayole na Donholm. Vani yangu ni ya petroli, injini ya lita 1.5. Ushauri huo niliufuata kwa pesa zangu mwenyewe. Filta ya koni ilifungwa, mngurumo ukawa mzito, na siku tatu za kwanza niliamini kwamba gari limekuwa jepesi. Daftari langu la mafuta lilikataa. Kilomita 9 kwa lita kabla, kilomita 9 kwa lita baada. Tangu hapo nimeuliza mafundi, nimesoma na nimepima, na nataka tulifumue jambo hili polepole, kwa sababu anayebeba mikate au mayai kwa faida ya shilingi chache hana pesa za kubahatisha.

Tuelewane kwanza kwenye majina. Njia ya hewa ni safari nzima ya hewa kutoka nje hadi ndani ya silinda: mdomo ulio karibu na grili, kasha la ea klina lenye filta ya karatasi, bomba la mpira, halafu throto, yaani kijilango cha duara kinachofunguka na kujifunga kwa kufuata mguu wako, na mwisho manifoldi inayogawia kila silinda hewa yake. Ekzosi ni upande wa kutokea: manifoldi ya moshi, katalitiki inayosafisha moshi huo, sailensa inayomeza kelele, kisha bomba la mkia. Filta ya koni huondoa kasha la ea klina na kuacha kichujio wazi chini ya boneti. Kufungua ekzosi ni kukata katalitiki au sailensa, au zote mbili, na kuchomelea bomba pana lililonyooka.

Injini hupika kwa kipimo

Kilo moja ya petroli huungua vizuri ikichanganywa na takriban kilo 14.7 za hewa. Kwa lita moja ya petroli, hizo ni kama kilo 11 za hewa. Kwa hiyo anayesema injini ni mashine ya kupumua hajakosea. Kosa liko kwenye hatua inayofuata, ya kudhani kwamba hewa ikizidi petroli itapungua.

Mfikirie mpishi wa ugali. Ukimwongezea maji sufuriani, hawezi kukupa ugali mkubwa kwa unga uleule. Ataongeza unga mpaka ushike. Kompyuta ya injini hufanya vivyo hivyo. Sensa iliyo kwenye njia ya hewa hupima kinachoingia, injekta hutoa petroli inayolingana nacho, na sensa ya oksijeni kwenye ekzosi huonja moshi bila kupumzika na kurudisha habari: petroli imezidi, punguza, hewa imezidi, ongeza. Hewa zaidi ikiingia, petroli zaidi huifuata. Nguvu utaipata, lakini umeilipia kwenye pampu.

Sasa turudi kwenye kile kijilango, maana hapo ndipo mambo yote yanapoamuliwa. Kwenye gari la petroli mguu wako haumwagi mafuta. Unafungua mlango wa hewa, na mafuta yanaifuata hewa. Ukitembea kilomita 50 kwa saa kwenye Jogoo Road mahali palipo tambarare, mlango huo umefunguka kidogo tu, kwa kuwa gari halihitaji zaidi. Injini imebanwa pumzi kwa makusudi, na anayeibana ni wewe dereva.

Wakazi wa Nairobi tuna mfano wake kila asubuhi. Thika Road ilipanuliwa ikamalizika mwaka 2012, na raha yake tunaijua. Lakini ukija mjini saa moja asubuhi, foleni inakusubiri palepale barabara inapobana. Kuweka filta pana mbele ya throto iliyofunguka upenyo mdogo ni kuongeza njia kule Kasarani wakati msongamano uko Pangani.

Ni kweli kwamba kuvuta hewa kupitia mlango uliobanwa kunamaliza nguvu, kama kunywa uji kwa mrija mwembamba. Hasara hiyo ipo, na ni kubwa hasa gari likienda polepole. Lakini iko kwenye throto. Filta ya karatasi iliyo safi haizuii karibu chochote ukilinganisha na mlango ulio nyuma yake. Hata ikianza kujaa vumbi, mguu wako hukanyaga kidogo zaidi bila wewe kujua, throto hufunguka kidogo zaidi, na hewa inayofika silindani inabaki ileile.

Jambo hili limepimwa na watu wenye vifaa. Mwaka 2009 Maabara ya Taifa ya Oak Ridge ya Marekani ilichukua magari ya injekta, ikaziba filta zake kwa makusudi na kuyaendesha kwenye mashine ya kupimia. Matumizi ya mafuta hayakubadilika kwa kiasi cha maana. Kilichoshuka ni uwezo wa gari kuchomoka pale mguu unapokanyagwa mpaka chini. Ikiwa filta iliyozibwa haikuongeza ulaji wa mafuta, filta iliyo wazi kuliko ya kiwanda itaupunguza kutoka wapi?

Imani hii haikuzuka hewani, na wazee waliotufundisha hawakuwa waongo. Enzi za kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa, magari kama Peugeot 404 hayakuwa na kompyuta ya kusawazisha. Filta ikiziba, kabureta ilivuta petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, plagi zikawa nyeusi na gari likalewa mafuta kwelikweli. Kubadilisha filta kulikuwa dawa. Injekta zilipokuja, ushauri ulibaki ingawa ugonjwa ulikuwa umekwisha.

Dizeli ni habari nyingine, na wenye Hiace za dizeli wasikilize hapa. Dizeli kwa kawaida haibanwi na throto. Mguu wako huamua mafuta moja kwa moja, na hewa huingia nyingi kadiri inavyoweza. Filta ikiziba, au mpira wa turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, ukipasuka, mafuta hukosa hewa ya kutosha na unaona moshi mweusi nyuma ukipanda mlima na mzigo. Moshi huo ni dizeli uliyoinunua ikitoka bila kufanya kazi. Hapo badilisha filta kwa wakati na kagua mipira yote. Bado lakini huhitaji koni. Unahitaji filta safi ya saizi yake.

Koni ina madhara yake pia, na haya niliyaona kwa macho. Baada ya miezi miwili nilifungua bomba lililo nyuma ya filta nikapitisha kitambaa cheupe kwa ndani. Kilitoka na utando wa vumbi la kijivu, lile la barabara za ndani za Kayole wakati wa kiangazi, laini kama unga wa ngano. Vumbi hilo lilikuwa limeshavuka kichujio. Likifika silindani hufanya kazi ya msasa kwenye ringi za pistoni na kuta za silinda, na injini iliyokwaruzwa huanza kula oili. Baadhi ya filta hizi hupakwa mafuta maalumu. Yakizidi, hurushwa hadi kwenye sensa ya hewa na kuipaka, nayo ikianza kusoma vibaya kompyuta hupima petroli vibaya.

Ekzosi: hadithi mbili zinazopingana

Kuhusu ekzosi utasikia mambo mawili kutoka kwa watu wawili waliosimama gereji moja. Wa kwanza atasema injini inahitaji presha ya kurudi nyuma, ukifungua bomba inapoteza nguvu. Wa pili atasema bomba likiwa pana moshi unatoka haraka, basi mafuta yanapungua.

Moshi hautoki kama maji ya mfereji. Unatoka kwa mikupuo, silinda moja baada ya nyingine, na kila mkupuo unaokimbia huacha nyuma yake mvuto unaousaidia ule unaofuata. Ili mvuto huo uwepo, moshi lazima uwe na mwendo. Mto ukibanwa na kingo hukimbia. Ukifika bondeni hutuama. Bomba pana kupita kiasi ni lile bonde. Kwa hiyo injini haipendi kuzibwa nyuma, wa kwanza amekosea jina la kitu, lakini alichokiona ni cha kweli: ukiweka bomba pana sana, gari huzubaa kwenye mizunguko ya chini. Na vani ya kazi huishi kwenye mizunguko hiyo, kati ya 1,500 na 3,000 kwa dakika, ikianza na kusimama. Faida ya bomba pana iko juu huko, mguu ukiwa chini kabisa. Dereva wa mzigo akifika huko mara kwa mara, ameshapoteza mafuta mengi kuliko bomba lolote linavyoweza kuokoa.

Kuna hatari moja ambayo watu hawaijui, na inauma mfukoni. Bomba likichomelewa vibaya karibu na manifoldi, mbele ya sensa ya oksijeni, likaacha ufa mdogo, katikati ya mikupuo ya moshi hewa ya nje hufyonzwa ndani. Sensa inaonja hewa hiyo na kuripoti kwamba oksijeni imezidi. Kompyuta, ambayo haina njia ya kujua kuhusu ufa, inaongeza petroli. Gari lililopelekwa kupunguziwa ulaji linarudi likila zaidi. Ukisikia mlio wa tik-tik-tik chini ya boneti asubuhi injini ikiwa baridi, unaofifia gari likipata moto, mwambie fundi aangalie kiungo hicho kabla ya kitu kingine.

Kuhusu katalitiki, nitasema wazi. Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya bei kubwa. Mtu akijitolea kukukatia ekzosi bila malipo, malipo yake yamo ndani ya kile anachobaki nacho. Wewe utabaki na taa ya injini inayowaka, moshi unaowachoma macho watoto wanaovuka barabara nyuma yako, na gari linalokula vilevile. Ukiikata sailensa pia, kumbuka Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele tangu mwaka 2009.

Katalitiki inaweza kuziba, hilo ni kweli, na ikiziba gari huteseka. Dalili zake: vani inachoka kila ukipanda kuelekea Limuru, mizunguko haitaki kupita kiwango fulani hata ukikanyaga, na joto la injini linapanda. Lakini katalitiki haizibi bure. Mara nyingi kuna plagi isiyochoma vizuri, au injini inayokula oili, na hayo ndiyo yaliyoiua. Tibu hayo kwanza, kisha weka katalitiki inayofaa. Hiyo ni matengenezo, na mafuta unayookoa ni yale uliyokuwa unapoteza kwa ubovu.

Lakini Nairobi iko juu

Wengine husema hewa ya Nairobi ni nyembamba kwa hiyo injini lazima isaidiwe. Wembamba huo upo. Tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa hapa ni kama asilimia 80 hivi ya ile ya Mombasa. Ndiyo sababu maji huchemka yakiwa na nyuzi kama 94 tu na maharage huchelewa kuiva. Filta haiwezi kuongeza presha ya anga, kama vile kubadilisha sufuria isiyo na kifuniko cha presha hakuwezi kuharakisha maharage. Kompyuta inajua hewa imepungua na hupunguza petroli kwa kipimo kilekile. Utakosa nguvu ukikanyaga mpaka chini, basi. Kwa mwendo wa kawaida unafungua throto zaidi kidogo kuliko dereva wa Mombasa, na ule mrija wa uji unakuwa mpana kwako kuliko kwake.

Mafuta yanakwenda wapi, basi?

Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu moja ambayo imebadilisha uendeshaji wangu. Vani yenye uzito wa tani mbili pamoja na mzigo, ikitoka kusimama hadi kilomita 50 kwa saa, inahitaji takriban kilojuli 193 za nishati ya mwendo. Injini ya petroli hugeuza kama robo tu ya nishati ya mafuta kuwa mwendo. Iliyobaki ni joto la ekzosi na rejeta. Ukigawanya, unapata karibu mililita 24 za petroli. Ni vijiko vitano vya chai, kila mara unapoondoka na kufika kasi hiyo. Ukifunga breki, vijiko hivyo vyote vimegeuka joto kwenye breki pedi. Ondoka hivyo mara arubaini na lita nzima imekwenda.

Ukifika kilomita 25 tu kwa saa badala ya 50, gharama inashuka hadi robo, kijiko kimoja na kidogo. Kwa hiyo kwenye foleni ya Outering Road, anayekimbilia pengo la mita thelathini kisha kufunga breki analipa mara nne ya yule anayejongea polepole, na wote wawili wanafika kwenye taa pamoja. Uzito nao unaingia kwenye hesabu ileile. Nilikuwa nikizunguka na mitungi mitupu ya wiki nzima, jeki mbili na betri iliyokufa. Nimevishusha.

Keria ya juu ni mwizi mwingine, hasa kwa wanaokimbia Mombasa Road, kwa kuwa upinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa kasi: kutoka 80 hadi 100 kwa saa unapanda kwa zaidi ya nusu. Ifungue kama huitumii. Upepo wa tairi upime gari likiwa baridi, ufuate kibandiko kilicho kwenye mlango wa dereva na kipimo chake cha mzigo. Na injini ikinguruma bila kwenda popote mbele ya duka huku ukihesabu katoni, kilomita kwa lita ni sifuri. Izime.

Kuhusu kupima, wengi hudanganyika hapa kwa unyofu kabisa. Mtu anaweka koni mwezi wa Agosti, shule zimefungwa, barabara zimefunguka, halafu anasifu koni. Mwingine ametumia pesa, kwa hiyo wiki hiyo anaendesha kwa upole akiangalia geji, na upole wake unaandikwa kwa jina la ekzosi. Pima hivi: jaza tenki kwenye pampu ileile mpaka ikatike yenyewe, rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri, endesha njia zako za kawaida, jaza tena, gawanya kilomita kwa lita. Kilomita 360 kwa lita 40 ni 9. Fanya hivyo kwa tenki tatu kabla ya mabadiliko na tenki tatu baada yake, katika majira yanayofanana. Tenki moja haisemi kitu, kwani mvua ya jioni moja tu Nairobi inaweza kuvuruga hesabu.

Ni daftari hilo lililonipeleka kwenye jibu langu. Baada ya koni kushindwa niliendelea kuandika, na namba ikaanza kushuka. Siku moja nilisimama Donholm baada ya safari fupi, nikapita upande wa nyuma kushoto nikasikia harufu kama ya kucha iliyoungua. Nikaweka mgongo wa mkono kwenye rimu nikauondoa haraka. Rimu za upande wa pili zilikuwa na uvuguvugu tu. Kebo ya handbreki ilikuwa imekwama kwa matope makavu, na gurudumu hilo lilikuwa likizunguka na breki imeshikilia, pengine kwa miezi. Fundi aliifungua, akaisafisha na kuipaka grisi kwa pesa kidogo kuliko nusu ya bei ya koni. Nikajaza upepo wa tairi, nikashusha ile mitungi, nikarudisha filta ya karatasi kwenye kasha lake. Tenki tatu zilizofuata zilinipa karibu kilomita 10 kwa lita.

Siku hizi nikifika duka la kwanza Umoja na kuzima gari, kabla ya kufungua mlango wa nyuma huzunguka magurudumu yote manne nikiyagusa moja moja.